Sangara mdogo hali samaki: nani anakula nani ndani ya Ziwa Victoria

Muulize mtu yeyote pale mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, sangara anakula nini, atakwambia samaki, alafu atakushangaa kwa nini umeuliza. Ni kweli kabisa kwa yule mkubwa wa kilo ishirini thelathini. Ila sangara aliyetoka kwenye yai juzi ana milimita chache tu, mdomo wake ule hamna samaki wa kuingia, kwahiyo anakula zuplanktoni, yaani vile vidudu vidogo sana vinavyoelea majini ambavyo wengi wetu tunavinywa bila kujua tukichota maji ya ziwa. Akifika sentimita tano hivi anaanza kuhamia kwa watoto wa wadudu, wale kereng'ende wakiwa bado majini, na kamba wadogo wa ziwani wenye urefu wa sentimita mbili, hao kamba ndo wanamkuza mpaka akipita sentimita ishirini au thelathini anageukia samaki moja kwa moja, dagaa, furu, na watoto wa sangara wenzake. Ndio, anakula watoto wa ukoo wake na wala sio kwa bahati mbaya, kuna vipindi watoto wa sangara ni sehemu kubwa ya chakula cha sangara wakubwa.

Nimeanza na huyu kwa sababu ndo anavunja ile picha tuliyochorewa ubaoni shule ya msingi: nyasi, mshale, swala, mshale, simba, basi. Ile picha haina uongo, shida yake inakufanya uamini kila mnyama ana kiti chake kimoja anakaa hapo mpaka kufa. Sangara huyo huyo mmoja kwa maisha yake anakuwa mlaji wa vidudu, mlaji wa wadudu, mlaji wa samaki, na mla wa kwake. Akiwa mdogo yeye ndo chakula cha furu, akiwa mkubwa furu ndo chakula chake. Sasa utamuweka kiti kipi?

Mi naona ukitaka kuelewa hii mada vizuri acha kwanza kuuliza nani mkubwa nani mdogo, fuatilia vitu viwili tu vinavyopita kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine. Cha kwanza ni nguvu, ile inayotoka kwenye jua. Cha pili ni virutubisho, nitrojeni, fosforasi, silikoni, kalisi na wenzake. Hivi viwili vinaenda pamoja ndani ya tonge moja lakini tabia zao ni tofauti kabisa, nguvu inapita mara moja na haitarudi, virutubisho vinazunguka. Watu wengi wanaosema mnyororo wa chakula unazunguka na wanaosema hauzunguki wanabishana kwa sababu kila mmoja anaongelea kitu chake.

Tuanze na nguvu.

Ndani ya ziwa wanaotengeneza chakula ni mwani. Matete na mafunjo ya pembeni yapo, na yana kazi kubwa, ila katikati ya ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800 hamna matete, kuna mwani mdogo usiouona kwa macho, unauona tu kwa pamoja maji yakiwa ya kijani. Mwani unachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni unatengeneza sukari. Hao ndo wazalishaji. Zuplanktoni wanakula mwani, hao ni walaji wa kwanza. Dagaa wanakula zuplanktoni, walaji wa pili. Sangara anakula dagaa, mlaji wa tatu. Mamba au binadamu anakula sangara, wa nne. Mpaka hapo ni kama darasani.

Sasa hesabu. Kwa wastani kila hatua inapitisha kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu iliyoingia, na hizo tisa zinaishia kwenye kuogelea, kupumua, joto, na vile visivyoyeyuka tumboni vinavyotoka kama kinyesi. Mmarekani Raymond Lindeman ndo aliyeiweka hii habari ya nguvu kupita ngazi kwa ngazi kwenye maandishi ya sayansi mwaka 1942 akisoma bwawa dogo kule kwao, na wastani huo wa kumi kwa mia unapanda na kushuka sana kulingana na mahali, kwahiyo uchukue kama mwongozo. Ila chukua uone: ili upate kilo moja ya sangara aliyelelewa kwa dagaa tupu unahitaji kama kilo kumi za dagaa, hizo kumi zimetokana na kama kilo mia za zuplanktoni, na hizo mia zimetokana na kama kilo elfu moja za mwani. Tani nzima ya mwani ndani ya kilo moja pale kwenye mzani.

Hii ndo sababu dagaa wanajaa magunia na magunia wakati mamba wanahesabika. Mamba sio wachache kwa sababu watu wanawaua tu (wanawauwa pia), hata wasipoguswa hawawezi kuwa wengi, juu pale nguvu imeshaisha njiani. Na ndo sababu minyororo haina hatua nyingi, nne au tano imekwisha, hamna mnyama anayeishi kwa kula wala-mamba.

Na hapa kuna jambo linalotugusa mfukoni kabisa. Dagaa wa ziwani sehemu kubwa hawaliwi na watu, wanasagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Kuku wa bandani sio wa kumi kwa mia, amezalishwa makusudi awe na matumizi mazuri ya chakula, na dagaa ni sehemu tu ya mchanganyiko wake, ila kanuni ni ile ile, ukiingiza mdomo mmoja katikati unapoteza. Dagaa anayeliwa na mtoto kule Sengerema na ugali anampa protini na kalisi yote ya ile mifupa anayotafunwa nayo. Dagaa yule yule akipitia kuku, sehemu imebaki bandani. Mi sisemi watu waache kufuga kuku, watu wanasomesha watoto kwa kuku, nasema bei ya dagaa inapopanda kwa sababu ya viwanda vya chakula cha mifugo tuelewe kinachotokea kwenye sahani ya mwenye kipato kidogo.

Kabla sijaenda mbali niwamalizie wale wasiokaa kwenye ngazi yoyote, walavyote. Sato anayependwa hivi, yule wa kuletwa miaka ya 1950, anakula mwani, wadudu, kamba, matope yenye mabaki, hata samaki wadogo, chochote kilichopo anakula. Ngege ambaye ndo mwenyeji wa asili alikuwa mtaalamu wa mwani, hasa diatomu, ile mwani yenye ganda la kioo. Mazingira yakibadilika mtaalamu anapata shida na mla-kila-kitu anastawi, na hivo ndo ilivyokuwa, leo ngege ndani ya ziwa kubwa umwone ni bahati, amebaki zaidi kwenye vijiziwa vidogo vya pembeni. Kambare naye anakula wadudu, samaki, mizoga, majani, na anaweza kuvuta hewa ya juu kwahiyo hata maji machafu yasiyo na oksijeni hayamtishi.

Usiku sasa, maana mchana ukiliangalia ziwa hauoni kitu. Jua likizama zuplanktoni wanapanda kutoka chini kuja juu kula mwani. Mchana wanajificha kwenye giza la chini kwa sababu samaki wengi wanawinda kwa macho, ukikaa juu kwenye mwanga unaliwa. Dagaa nao mchana wako chini wamejikusanya, usiku wanapanda kufuata zuplanktoni wao. Mvuvi wa dagaa analijua hili toka kwa babu yake hata kama hajawahi kulisikia darasani, ndo maana anatoka usiku na taa, zamani karabai siku hizi za sola na betri, wadudu na vidudu wanafuata mwanga, dagaa anafuata mwanga na vidudu, wavu unashuka. Na ndo maana mbalamwezi ikiwa kali watu wanarudisha mitumbwi wanashona nyavu, ziwa lote lina mwanga na taa yako haina tena mvuto.

Kuna mdudu mwingine anayepanda usiku, huyu watu wengi wanamjua akiwa na mabawa tu. Yale mawingu yanayoinuka juu ya ziwa, ukiyaona toka mbali ukiwa Capri Point, kile kilima cha hapa mjini Mwanza, utadhani moshi wa meli inaungua, ni wadudu wasiouma ambao utoto wao wote wameumaliza majini. Aina moja watoto wake mchana wanalala ndani ya matope chini kabisa, hata pale oksijeni ilipo kidogo sana, usiku wanapanda kuwinda zuplanktoni. Alafu siku chache baada ya mwezi kuandama wanatoka kwa pamoja wakiwa na mabawa, mabilioni, wanapandana wanataga wanakufa. Upepo ukiwaleta mjini wanajaa kwenye taa za maduka, watu wanafagia asubuhi wamekasirika. Lakini angalia walichofanya: wametoa nguvu na virutubisho kutoka kwenye matope ya ziwa wakavileta nchi kavu. Mbayuwayu wanakula, buibui wanakula, popo wanakula, mijusi wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaoota jua kwenye mawe ya Bismarck, yale yaliyotokeza majini hapa mjini, nao ni wala wadudu. Mnyororo ulioanzia majini unamalizikia juu ya mwamba.

Sasa tuje kwa furu, na hapa niruhusuni nikae kidogo maana bila furu huwezi kulielewa ziwa hili.

Vijana wengi wa Mwanza furu wanamwona kama samaki mdogo wa bei chee wa kukaanga, mwenye mifupa mingi. Ndani ya Ziwa Victoria kulikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Ziwa lenyewe lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita likajaa upya, kwahiyo aina zote hizo zimejigawa kwa muda ambao kwa viumbe vyenye uti wa mgongo ni kufumba na kufumbua. Na walijigawa kwa chakula. Kulikuwa na furu wa kuchota matope na kula mabaki, furu wa mwani wa kukwangua kwenye mawe, furu wa zuplanktoni, furu wa wadudu, furu wa kamba, furu wa kaa, furu wa konokono wenye meno ya kooni ya kuvunjia magamba, furu zaidi ya mia wa kula samaki, mpaka mmoja anayekula magamba ya samaki wenzake wakiwa hai. Na kuna waliokuwa wanaishi kwa watoto wa wenzao: furu jike anabeba mayai na watoto mdomoni, hawa wanamfuata wananyonya watoto kutoka mdomoni mwake. Ukoo mmoja wa samaki ulikuwa umeshika karibu kila kazi iliyopo ziwani.

Tathmini iliyofanyika ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ilikuta furu ni kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini. Hapa Mwanza miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo, na watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden wakaja kuanzia 1977 kuwasoma kwenye Ghuba ya Mwanza, wakawa wanapita sehemu zile zile mwaka hadi mwaka wakivua na kuhesabu. Hii ni bahati kubwa sana kwa sayansi maana walikuwepo wakati balaa linatokea.

Sangara alipandwa ziwani kwenye miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 upande wa Uganda na Kenya, akitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa zaidi ya miaka ishirini akawa yupo yupo tu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, na kwenye Ghuba ya Mwanza ikawa katikati ya miaka hiyo. Furu wakashuka kutoka ile asilimia 80 mpaka chini ya asilimia moja. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea.

Kwa nini alisubiri hivo? Kuna maelezo wataalamu wameyatoa ambayo mi naona yana mantiki sana na yanarudi kwenye ile habari ya vinywa kwa saizi. Sangara mtoto anakula zuplanktoni, na ziwa lilikuwa limejaa furu wanaokula zuplanktoni hao hao, na furu wengine wanaokula watoto wa samaki. Kwahiyo sangara mkubwa alikuwa mfalme ila watoto wake walikuwa wanakandamizwa. Furu walipopungua kwa uvuvi na sababu nyingine, mlango ukafunguka, watoto wa sangara wakapona wengi, wakakua, wakala furu, watoto wakapona zaidi. Ukishaingia kwenye mzunguko huo kurudi nyuma ni kazi.

Angalia sasa kilichofuata, kazi zilizoachwa wazi. Furu wa matope walikuwa ndo wanasafisha mabaki chini, walipoondoka wale kamba wadogo wakaongezeka sana maana chakula chao kimebaki bure na wala-kamba wamepungua. Furu wa zuplanktoni walipoondoka dagaa wakaongezeka. Kwahiyo sangara akaanza kuishi kwa kamba, dagaa na watoto wake mwenyewe. Mnyororo ukawa mfupi na mwembamba zaidi ya ule wa mwanzo. Uvuvi ulipata faida, viwanda vya minofu vikajengwa, ndege za mizigo zikaja, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikitolewa) na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) vikawa biashara, hayo yote ni kweli na Mwanza imejengwa na sangara, huwezi kumwambia mtu wa hapa kwamba sangara ni hasara tupu. Ila ziwa lililokuwa na kazi mia za kula likabaki na chache.

Hata ndege walihisi. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayepigapiga mabawa amesimama hewani alafu anadondoka kichwa chini majini, zamani kwenye Ghuba ya Mwanza alikuwa anakula furu. Furu walipokwisha akahamia kwa dagaa, na dagaa ni mdogo kuliko furu, kwahiyo ili ashibe na kulisha makinda ilibidi akamate samaki wengi zaidi kwa siku. Watafiti wale wale walilifuatilia hili kwa kuchambua yale matonge ya mifupa anayotapika. Mnandi naye vivyo hivyo.

Furu wamerudi kiasi toka miaka ya 1990, hasa wa matope na wa zuplanktoni, sangara alipovuliwa sana. Lakini waliorudi sio wale wale. Maji yamekuwa machafu zaidi, oksijeni imepungua, basi waliorudi wana mashavu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kunasa oksijeni, na baadhi ambao zamani walikuwa wa zuplanktoni tu sasa wanakula vitu vikubwa kama wadudu na kamba. Na kuna shida nyingine ya maji machafu ambayo mtu hawezi kuifikiria, majike ya furu wanachagua madume kwa rangi, maji yakiwa na ukungu wa mwani rangi hazionekani, aina mbili zinachanganyikana mpaka zinakuwa moja. Utafiti uliochapishwa 1997 kwa samaki wa huku kwetu ndo ulionyesha hilo. Mwani mwingi unaweza kufuta aina ya samaki bila hata kuua samaki mmoja.

Mwani mwingi umetoka wapi? Hapo tunaingia kwenye kitu cha pili, virutubisho.

Kila kitu kinachokufa ziwani, mwani, samaki, kinyesi, majani, kinazama na kinakutana na bakteria na fangasi, waozeshaji. Hawa ndo wanaovunja mwili uliokufa kurudisha fosforasi na nitrojeni majini ili mwani mpya uzitumie. Bila wao virutubisho vyote vingeshajifungia kwenye mizoga na ziwa lingekufa njaa. Sijui kwa nini kwenye picha za shule wanachorwa kauyoga kamoja pembeni, hawa wanapitisha kazi kubwa kuliko sangara wote. Ila kuozesha kunakula oksijeni. Mbolea ya mashamba, udongo unaosombwa, maji taka ya miji yote ya pembeni vinaleta virutubisho kupita kiasi, mwani unachanua, unakufa, unazama, bakteria wanaufanyia kazi na wanamaliza oksijeni ya chini. Ziwa lina kina cha kama mita 80 pale palipo kirefu zaidi, na sehemu ya chini kwa miezi kadhaa ya mwaka inakuwa haina hewa ya kutosha samaki. Katikati ya mwaka, mwezi wa saba hivi, upepo mkali wa kusini mashariki unalivuruga ziwa maji ya juu na ya chini yanachanganyika. Wakati mwingine maji mabaya ya chini yanasukumwa ghafla pembeni na sangara wanaelea wamekufa, sangara ndo anakufa wa kwanza maana anahitaji oksijeni nyingi, na watu wanaanza kuulizana nani kamwaga sumu. Sio kila mara ni sumu.

Virutubisho vingine vinaletwa na miguu. Kiboko anakula nyasi nchi kavu usiku, makumi ya kilo, mchana anarudi kwenye maji anakunya humo. Kwenye ngazi za kula yeye ni mlanyasi wa kawaida tu, ila kwenye habari ya virutubisho yeye ni lori. Utafiti uliochapishwa 2019 wa mto Mara, upande wa Maasai Mara kule Kenya, ulikuta viboko wanaingiza mtoni kama kilo 400 za silikoni kwa siku, silikoni iliyokuwa ndani ya nyasi. Na nani anahitaji silikoni? Diatomu, ile mwani ya ganda la kioo ambayo ndo ilikuwa chakula cha ngege. Mto Mara unapita kwenye mabwawa ya mafunjo unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Watafiti hao walionya kwamba viboko wakipungua diatomu zinaweza kukosa silikoni kwa muda mrefu ujao na nafasi yao ikachukuliwa na mwani mbaya. Kiboko na ngege hawajawahi kulana wala kugombania chakula, lakini wameunganishwa.

Mto huo huo nyumbu wanazama kila mwaka wakivuka, hesabu iliyotolewa 2017 ni wastani wa kama 6,200 kwa mwaka. Watu wanadhani mamba ndo wanaofaidi. Mamba wanakula asilimia chache sana ya ile nyama yote, tumbusi na korongo wanachukua kiasi, samaki wanakula nyingi, na mifupa inabaki chini inaachia fosforasi taratibu kwa kama miaka saba.

Nije kwenye gugu maji kwa kifupi, kwa sababu linaonyesha nini kinatokea mzalishaji akikosa mlaji. Lilitoka Amerika Kusini, likaingia ziwani karibu na 1989, na huku halikuwa na mdudu wa kulila. Mimea mingine ya asili ina wanaoitafuna, lenyewe hamna. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likafunga mialo na bandari, mitumbwi haipiti. Zikatumika mashine, zikatumika mikono, ila kilichosaidia sana ni mbawakawa wadogo walioletwa kutoka kwao huko huko Amerika Kusini, mkubwa anatafuna majani, mtoto anatoboa mashina, mmea unadhoofika unazama, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 pamoja na mawimbi vikamalizia. Mlaji alikuwa ndo kipande kilichokosekana. Halijaisha, linarudi linaondoka, lakini halijafika tena pale.

Alafu kuna walaji wasioua, vimelea, ambao kwenye mnyororo wa darasani hawapo kabisa. Kichocho cha tumbo tunachokijua wote huku kanda ya ziwa kinahitaji midomo miwili, konokono na binadamu. Mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu, yakiangukia majini yanaangua kidudu kinachoingia ndani ya konokono, humo kinaongezeka, kinatoka kikiwa tayari kutoboa ngozi ya mtoto anayeoga Igombe au mama anayefua Luchelele. Sasa fikiria wale furu wa konokono waliopotea, na kamongo, yule samaki mrefu anayepumua hewa, ambaye naye chakula chake kikubwa ni konokono na anavuliwa sana. Kupungua kwao sio sababu pekee ya kichocho, choo na maji safi ndo msingi, dawa zipo hospitali zinagawiwa hata mashuleni, ila mtu anayevua kamongo mpaka wa mwisho anaondoa mmoja wa wachache wanaokula konokono.

Na zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita wanaitumia kukamatia dhahabu, na inayoingia majini haitoki mwilini kirahisi. Mdudu anaibeba kidogo, dagaa anakula wadudu wengi anabeba zaidi, sangara anakula dagaa wengi anabeba zaidi tena. Nguvu inapungua kila hatua, sumu hii inaongezeka kila hatua, zinaenda kinyume. Vipimo vingi vya samaki wa ziwa hili vimekuta kiwango kiko chini ya kikomo cha afya, kwahiyo hamna sababu ya kuogopa sangara wako wa mchana, ila mjamzito na mtoto mdogo wanaokula samaki kila siku, dagaa na sato ni chaguo zuri zaidi kuliko lile sangara kuukuu la kilo hamsini lililokusanya miaka mingi.

Mwisho vizimba, yale mabanda ya nyavu ya kufugia samaki ndani ya ziwa, maana siku hizi ndo habari ya mjini, vijana wengi wanaingia huko. Sato wa kizimba hatafuti, analetewa, chakula chake ni soya, pumba na mara nyingi unga wa dagaa, kwahiyo sato aliyekuwa anaweza kuishi kwa mwani amepandishwa ngazi akawa mla-dagaa kwa mkono wetu. Pumba na soya zikiongezeka na dagaa wakipungua kwenye mchanganyiko, shinikizo kwa dagaa wa ziwani linapungua, na wanaotengeneza chakula cha samaki wanalijua hilo. Pia chakula kinachopita kizimba bila kuliwa, pamoja na kinyesi, vinaangukia chini moja kwa moja kwa wale bakteria, ndo maana ukiweka vizimba vingi kwenye maji mafupi yaliyotulia, ndani ya kighuba kisicho na mkondo, oksijeni inakwisha chini yake na samaki wako wanaanza kuelea alfajiri, saa ambayo mwani haujaanza kutoa oksijeni maana jua bado. Tafuta sehemu yenye kina na maji yanayotembea, ukiweza pima oksijeni saa kumi na moja alfajiri kabla ya kulisha, sio saa sita mchana wakati kila kitu kinaonekana kizuri.